Kitufe cha Nukta

Jumatatu, 3 Juni

Leo kimeingia kitu dukani kwa mjomba, hapa tunapotengeneza taipureta! Si taipureta, si kikokotoo. Kisanduku cheusi, upana wa daftari mbili, vitufe vyake vya mpira laini kama ufizi wa mtoto. Kompyuta! Mwenyewe kaileta kwenye kikapu cha sokoni, juu kaifunika vitunguu ili wezi wasijue. Ni yule mwalimu wa hesabu, mrefu, anayetuletea taipureta za shule kila muhula. Mjomba anamwita Profesa.

Akaiunga kwenye televisheni na redio ya kaseti. Kaseti ikalia kama paka aliyebanwa na mlango, halafu kimya — halafu maneno yakatokea kwenye televisheni! Akaniambia niandike chochote. Niliandika jina langu. Likang'aa. Nikalifuta haraka, mjomba alikuwa anachungulia.

Shida yake: kompyuta haina pa kuandikia. Ukizima umeme hubaki na kitu mkononi. Printa ameagiza, mwaka wa pili huu, haijafika. Sasa amewaza: taipureta ya umeme si inaandika? Basi tuweke sumaku kwenye kila kitufe, kompyuta iziamuru, taipureta iandike yenyewe.

Mjomba kacheka mpaka kakohoa. Eti Profesa, siku hiyo makarani watakula wapi, na mimi nitamtengenezea nani?

Mwalimu akanigeukia mimi. "Fundi, wewe unaonaje?"

Sijazoea kuulizwa. Nikasema vitufe ni arobaini na nne. Ndilo neno pekee nililosema mchana kutwa. Lakini mashine ninayo tayari kichwani — ile ya umeme ya wakili aliyehama akaisahau. Miaka mitatu iko rafuni. Mota yake nzima.


Jumatano, 5 Juni

Dada kaenda hospitali kubwa kuomba kazi ya simu. Nilimpeleka mimi, nikasubiri koridoni. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikasikia yote.

Niandike vizuri hapa. Dada haoni tangu surua ya utotoni. Alisoma shule ya wasioona mpaka mwisho, akasomea na uopereta wa simu. Mimi niliishia darasa la nne. Kwa hiyo nyumbani kwetu msomi ni yule asiyeona! Mama hupenda kusema hivyo mbele ya wageni. Mimi natoka nje.

Sauti anayo, masikio anayo, cheti anacho. Mwaka mzima sasa yuko nyumbani anajibu simu ambazo hazipo. "Hospitali, habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?" — anaiambia sufuria.

Msimamizi wa simu ni mama mmoja mnene, miwani kwenye kamba. Si mbaya. Akamwambia dada ukweli. Swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, utaiweza, najua. Lakini orodha! Wodi, ofisi, maabara, namba mia tatu. Tunahamia jengo jipya, kila wiki orodha inabadilika. Wenzako wanaibandika ukutani wanasoma. Wewe utasoma wapi?

Dada akasema ataandika kwa breli, yale maandishi ya vidoti vya kugusa. Ana kibao chake na sindano.

"Namba mia tatu, kidoti kidoti kwa mkono? Ukimaliza tutakuwa tumehama tena, mwanangu."

Wakakubaliana hivi. Jaribio Ijumaa ya tarehe 21, asubuhi. Orodha mpya itatoka Jumatano ya wiki hiyo mchana. Akija nayo inasomeka, atajaribiwa kama wengine. Asipokuja nayo, nafasi inakwenda kwa mwingine — kuna binti mwingine amekwisha omba.

Njia nzima dada hakusema kitu. Kwa kawaida hunyamaza mimi.


Alhamisi, 6 Juni

Mwalimu kaja na sumaku zake. Kengele za mlangoni! Zile zinazolia ding-dong, ndani zina koili na chuma kinachoruka. Amezitoa kwenye nyumba ya wageni inayobomolewa. Alisema ziko nyingi. Tukazijaribu moja moja kwenye umeme. Nzima: tatu.

Tatu! Vitufe arobaini na nne.

Mjomba: "Profesa, taipureta yako itaandika A, B na C. Mwandikie mtu anayeitwa Baba."

Mwalimu alicheka lakini kwa shida. Kengele zingine hakuna mji mzima, amekwisha zunguka.


Jumapili, 9 Juni

Moyo unanienda mbio, acha niandike kabla haujatulia.

Nilikuwa namsomea dada orodha ya zamani, anataka kuzoesha mkono. Mimi nasoma polepole, maneno ya hospitali ni marefu kama mkia wa nyoka. Fi-zi-o-the-ra-pi. Dada anasubiri bila kunicheka. Anaandika kwa sindano kwenye kibao, tak, tak, tak. Nikamtazama mkono. Miaka yote nimemwona, leo ndiyo nimetazama.

A ni kidoti kimoja. B ni viwili. Zote — zote! — ni vidoti tu. Nafasi sita, ama pana kidoti ama hapana. Basi.

Kitufe cha nukta. Kimoja!

Nukta, nafasi, na kile cha kurudisha gari la karatasi mwanzo wa mstari. Moja, mbili, tatu. Kengele tatu!

Nilinyanyuka nikaangusha kiti. Dada akauliza umeumwa na nini. Nikasema hamna kitu. Sijamwambia. Nikimwambia halafu ishindikane, nitajificha wapi?


Jumatatu, 10 Juni

Nilipanga maneno tangu nyumbani. Mwalimu alipoingia yakapotea yote. Basi nikaweka karatasi ya dada mezani. Nikawasha ile ya wakili. Nikabonyeza nukta, nafasi, nukta. Nikarudisha gari. Nukta. Nikaionyesha karatasi ya dada, nikaionyesha taipureta. Nikainua vidole vitatu.

Akanitazama mimi. Akaitazama karatasi. Akaigusa kwa kidole. Halafu akapiga ukelele, muuza magazeti wa nje akaingia akidhani tumepigwa na umeme!

Alininyanyua. Kweli, kaninyanyua kutoka chini. Mjomba akauliza mnafunga ndoa au mnafanya kazi?

Nilimweleza mjomba mambo ya dada na orodha na tarehe 21. Nilieleza vibaya, lakini nilieleza. Mjomba ni ndugu wa mama, dada ni kipenzi chake. Akaenda rafuni, akaibeba mwenyewe ile ya wakili, akaiweka kwenye meza yangu, akafuta vumbi kwa shati lake.

Halafu akasema: "Mkiichoma, mtanunua shati."


Jumanne, 11 Juni

Mwalimu kaja nyumbani kujifunza alfabeti ya breli. Mama katoa vikombe vya wageni. Dada alijua sasa, ilibidi. Akasema tuone. Lakini alikuwa anatabasamu kwa upande wa ukuta.

Kafundisha kwa trei ya mayai iliyokatwa, mashimo sita, na mayai sita ya kuchemsha. Mwalimu mzima wa hesabu, ameshika yai! "F hiyo, mwalimu? Sikia na wewe. Vibaya. Rudia." Akirudia vibaya, yai linaliwa. Tumekula manne.

Nimejifunza na mimi. A mpaka Z. Mara ya kwanza nimepata yote! Dada kasema mdogo wake ana akili ya vidole.


Jumatano, 12 Juni

Moshi. Koili ya kitufe cha nafasi imeungua. Nimeisuka upya kwa waya wa feni. Hakuna kingine.


Ijumaa, 14 Juni

Siku ndefu, tamu.

Kengele ziko juu ya vitufe, kwenye fremu niliyopinda kutoka rafu ya chuma. Ubao mdogo wa transista ni wa mwalimu, amelehemu mwenyewe, vibaya, nikarudia kimya kimya alipokwenda chooni. Programu iko kwenye kaseti. Leo saa nne kompyuta imesema, na taipureta imejibu. Tak! Nukta moja peke yake katikati ya karatasi. Hakuna mtu aliyegusa kitufe! Muuza magazeti kasema hii ina mkono wa mtu asiyeonekana. Mjomba kamwambia asiyeonekana ni wewe siku ya kulipa chai.

Lakini nukta ya kawaida ni wino, haina nundu. Nimetoa riboni ya wino. Nimeongeza nguvu ya pigo mpaka mwisho. Chini ya karatasi, kwenye rola, panatakiwa mpira laini ili karatasi ibonyee. Tyubu ya baiskeli — imetoboka. Kandambili — inazama, nundu inakuwa kama kipele kilichopona. Mpira wa mlango wa friji — huo! Na kichwa cha nukta nimekipiga msasa kiwe duara, kilikuwa kikali.

Karatasi ya kawaida inachoka. Mwalimu kaleta kalenda za zamani za shule. Nzito, nzuri. Kwa hiyo nyuma ya vidoti kuna maporomoko ya maji na ng'ombe wa maonyesho.

Mistari nayo ilikuwa inaachana mno. Nimebadilisha gurudumu la meno la rola, nimeweka la mashine nyingine lenye meno madogo. Hiyo sikumwuliza mtu. Hiyo naijua.


Jumamosi, 15 Juni

Tumechapa ukurasa mzima! Namba ishirini na moja za orodha ya zamani. Tumekaa na mwalimu tukakagua herufi moja moja kwa macho, tukilinganisha na alfabeti aliyoichora. Sawa yote. Hakuna kosa hata moja.

Nilikimbia nayo nyumbani kama mtu aliyebeba mkate wa moto.

Dada akaigeuza, nundu zimetokeza upande wa pili. Akaweka vidole. Vikatembea. Vikasimama. Vikarudi.

"Mdogo wangu, ni nani aliyeandika hii?"

Mashine.

"Imelewa?"

Akaanza kucheka. Kacheka mpaka kaikalia sakafu. Mama akatoka jikoni na mwiko. Kumbe taipureta inapiga mbele, nundu zinatokea nyuma, na ukigeuza karatasi kila kitu kinageuka! Kulia kushoto, kushoto kulia. Sisi tulikagua mashimo, yeye anasoma nundu. Watu wawili wenye macho manne!

"Miaka yote unaniona naandika nikianzia kulia. Ulidhani ni kwa nini?"

Nikasema nilidhani ndivyo wasioona wanavyoandika.

Akacheka upya. Nikacheka na mimi. Sikumbuki lini nilicheka kwa sauti hivyo. Lakini halafu akashika tena ile karatasi, akapapasa nundu, taratibu. Akasema: "Lakini ni nzuri. Safi. Mkono wangu hauandiki safi hivi."


Jumatatu, 17 Juni

Mwalimu aliona aibu mpaka masikio. Mwalimu wa hesabu! Kabadilisha mistari miwili tu ya programu, kila mstari sasa unaanzia mwisho. Tukachapa. Nikafumba macho, nikageuza, nikagusa. M. A. A. B. A. R. A.

Nimesoma kwa kidole! Polepole, lakini si polepole kuliko ninavyosoma kwa macho.

Dada kasoma ukurasa mzima kwa pumzi moja. Kisha kausoma tena kwa sauti ya swichibodi, kila namba na salamu yake. Mjomba alikuwa amepita kuchukua koti lake, akasimama mlangoni. Akasema bila kumtazama mtu kwamba wakili akirudi leo, yeye atamwambia mashine iliibwa.


Jumatano, 19 Juni

Saa saba mchana nilikuwa kwenye geti la hospitali kama tulivyoambiwa. Ilibidi nimwombe mlinzi. Maneno yalitoka ya kinyumenyume kama ile breli ya kwanza, lakini yalitoka.

Orodha: namba mia tatu na kumi na mbili. Karibu zote zimebadilika! Yote tuliyokwisha kuchapa kwa mazoezi ni ya kufungia vitumbua — hapana, hata vitumbua havitakubali, karatasi ina vipele.

Mwalimu kaja moja kwa moja kutoka darasani, chaki mkononi. Mimi nasoma, yeye anabonyeza vile vitufe vya mpira. Mwanzoni alinisubiri. Baadaye nikawa namsubiri mimi! Fiziotherapi nimeisema bila kusimama.

Imeingia yote. Tumeiweka kwenye kaseti mara tatu, kaseti tatu, kwa woga. Kesho kuchapa. Kurasa kumi na tano.


Alhamisi, 20 Juni

Leo nitaandika mpaka penseli iishe.

Tulianza saa moja asubuhi. Mwalimu kaomba ruhusa shuleni, kasema ana mgonjwa. Taipureta ikapiga tak-tak-tak-tak kama mvua kwenye bati. Ukurasa mmoja zaidi ya nusu saa. Mashine haikosei, lakini kengele zinapata moto. Za mlangoni hizi, zimezoea mgeni mmoja kwa siku! Ukurasa wa pili tu zikaanza kunuka. Mwalimu akataka tuzipumzishe kila baada ya mistari mitano. Nikapiga hesabu kichwani — hatumalizi leo.

Mjomba alikuwa anajifanya anasoma gazeti. Akanyanyuka, akavuta kiti, akaanza kuzipepea kwa hilo gazeti. Fundi mkuu, miaka thelathini ya kazi, anapepea taipureta kama mtu anayechoma mahindi! Wateja wakiingia anawaambia ngojeni, kuna mgonjwa. Mmoja kauliza anaumwa nini. "Homa. Ameandika sana."

Ukurasa wa tatu. Wa nne. Wa saba. Muuza magazeti akaleta magazeti ya jana, akampokea mjomba zamu. Watu walijaa mlangoni. Mtoto mmoja wa shule kauliza mbona haina wino. Nikamjibu mimi! Mbele ya watu wote. Nikamshika kidole nikamwekea kwenye nundu.

Ukurasa wa kumi na moja, saa nane na kitu — kitu kikaruka. Kikapiga kioo cha kabati, tin! Mashine inaendelea kupiga lakini sauti imebadilika, nyembamba. Nikazima.

Kichwa cha nukta. Kimekatika. Nilikipiga msasa mno, mimi mwenyewe, kikabaki chembamba. Tulikitafuta sakafuni, tukakipata vipande viwili.

Mwalimu akakaa chini. Nikatazama rafu zote. Mashine za wateja, siwezi kugusa. Za spea, mkono wa nukta haufanani hata mmoja, nilijua bila kujaribu. Wa aina ile upo kwenye mashine moja tu dukani. Ile nyeusi juu ya kaunta. Bikizee. Mjomba alijifunzia kazi juu yake, alinunua ikiwa nzee tayari, barua zake zote anaandika hapo, na haruhusu mtu hata kuifuta.

Sikuitazama hata. Niliangalia viatu vyangu.

Nikasikia droo ya koleo inafunguka.

Mjomba ameinamia Bikizee, mgongo kwetu. Ka! Akaja, akaniwekea kichwa cha nukta kiganjani. Kidogo kama punje ya mchele. Bado kina moto wa koleo.

"Barua zangu sasa hazina nukta," alisema. "Watu watazisoma bila kupumua."

Nikalehemu. Kukinyoosha kikae sawasawa, mara tatu. Hiki sikukipiga msasa sana, nimejifunza. Nikawasha. Tak! Ile ile ya mwanzo. Mjomba akasogea akasikiliza, sikio karibu na rola. Akasema Bikizee ameamka.

Saa kumi na moja na robo ukurasa wa kumi na tano ukatoka. Mwalimu akapiga makofi, watu wa mlangoni wakapiga makofi, muuza magazeti akapiga makofi na hajui kusoma hata gazeti moja! Tumezishona kwa uzi wa viatu. Kitabu. Kizito kama tofali.

Dada amekipokea jioni hii kwa mikono miwili. Hajakiachia. Mama kamwambia weka kitabu, kula kwanza. Anakula kwa mkono mmoja, mwingine uko ukurasa wa tisa.


Ijumaa, 21 Juni

Naandikia koridoni, juu ya goti. Mwandiko mbaya, lakini nisipoandika nitapasuka.

Tulifika saa mbili. Dada kavaa gauni la kijani la mama. Mjomba alitusindikiza hadi getini, kisha akasema ana kazi, kisha hakuondoka. Mwalimu yuko darasani. Kasema atafundisha mgawanyo leo, kwa sababu kichwa chake kimegawanyika.

Chumba cha simu kiko mwisho wa koridoni, mlango nusu wazi, namwona dada mgongo. Msimamizi alipokiona kitabu akashangaa. Akafungua. Ng'ombe. Akafunua. Maporomoko.

"Binti, hii ni hospitali au maonyesho ya mifugo?"

Dada akamwambia geuza, mama. Yako ni picha, yangu ni upande wa pili.

Msimamizi akapitisha kiganja juu ya nundu. Halafu miwani ikashuka kwenye kamba, akasema haya, kaa.

Jaribio lenyewe. Yeye anakaa chumba cha pili anapiga simu, akijifanya kila aina ya mtu. Mara mzee asiyesikia. Mara daktari mwenye haraka. Mara mke wa mtu anayelia. Anajua kuigiza kuliko nilivyodhani! Dada anajibu. Namsikia. "Hospitali, habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?" Sufuria imekwisha, sasa ni watu. Kidole kinakwenda, kinapata, mkono wa pili unachomeka waya. Sekunde tatu. Nne. Opereta mwingine aliye pembeni, kijana mwenye redio ndogo, ameacha kusikiliza redio.

Kisha ikaja simu ya jikoni. Dada akatafuta, akasimama. Kidole kikarudi juu, kikashuka tena. Nikasema Mungu wangu, tumekosea. Macho yangu, mimi ndiye niliyesoma orodha!

Dada akasema: "Samahani, mama. Jikoni na chumba cha dawa vina namba moja. Nikuunganishe na upi?"

Nikasikia msimamizi anafunua karatasi zake. Anafunua tena. Akatoka chumba cha pili na orodha yake ya ukutani, kaing'oa na pini zake, akamwonyesha yule kijana. Mbili-saba-moja na mbili-saba-moja. Imebandikwa hapo tangu juzi, watu watatu wanaisoma kila siku. Kijana akasema ndiyo maana jana jikoni walikuwa wanaulizwa vidonge!

Msimamizi kacheka, bega linaruka. Akachukua kalamu, akasahihisha, akaenda zake ofisini. Hakusema umepita. Hakusema hujapita.

Hiyo ilikuwa saa nne. Sasa ni saa sita na nusu. Simu za kweli zinaingia. Dada anajibu tu. Yule kijana alimtazama kidogo, akatazama saa, akachukua redio yake na sahani yake, akaenda kula. Kamwacha peke yake na ubao mzima. Hakuna aliyemwambia ainuke!

Yule binti mwingine alikuja saa tano, mlinzi wa koridoni kamwambia arudi wiki ijayo. Au alimwambia asirudi? Sikusikia vizuri, troli ilipita.

Mjomba bado yuko getini, namwona kwa dirisha. Ananiuliza kwa mikono. Nimeinua mabega.

Msimamizi anatoka ofisini. Ana karatasi mpya, imeandikwa kwa kalamu. Amesimama mlangoni kwa dada, wanazungumza, dada ananyoosha kidole huku koridoni. Msimamizi anasema wodi ya watoto inahama Jumatatu, namba ishirini na moja zitabadilika, dada azipate kwa breli. Anauliza mwenye hiyo mashine ni nani.

Anakuja. Ananitazama.

Acha nisimame.